Sharti la Kurudi

Wandegeya, 14 Machi 1977
(kwa mkono wa Nasike)

Mwalimu Oloya,

Ukiona karatasi hii inanuka samaki, usimlaumu mwandishi. Nasike anasema barua zote anazovusha Busia husafiri katikati ya gunia la mukene, wale dagaa wa Ggaba, kwa sababu askari wa mpakani wanapenda kupekua lakini wanapenda zaidi sare zao. Ya kwako ikija huku itanuka sabuni. Wewe umeshakuwa mtu wa Nairobi.

Watu wa usalama wamekuja kwako mara mbili tangu ukimbie. Shemeji Acen aliwapa chai. Wakaketi kwenye viti vyako, wakasifu chai, halafu mmoja akavua miwani yake ya giza akauliza, "Bwana yuko wapi?" Akasema umekwenda kufundisha. "Atarudi lini?" Akasema muhula haujaisha. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika spana ya jirani, fundi bomba kabisa. Nimegundua fundi bomba haulizwi kitu, hata kwenye nyumba isiyo na bomba.

Herufi O ina hali mbaya hapa mjini: ninyi Waacholi wenye majina yanayoanza nayo mnachukuliwa. A nayo inafuatwa. Mimi ni K tena Mkenya, sijui kama hilo ni jambo moja au makosa mawili.

Dukani kazi ya kunakili kwa saiklostaili imepungua. Wenye kitu cha kuandika wamekimbia, na waliobaki hawataki kuandika. Kwa hiyo ile kazi yako ya hesabu nimeipiga yote kwa mashine, na Nasike anayo. Nimekusaidia kidogo. Kila mahali ulipoandika ba nimepanga vizuri ikawa ab. Najua ulikuwa unaandika kwa haraka. Shule niliachia darasa la saba, lakini alfabeti naijua.

Mimi,
Khisa, mpiga stensili


Nairobi, 27 Machi 1977

Mzee Khisa,

Asante kwa spana. Asante kwa kuwa mlangoni pale. Nilisoma sehemu hiyo nikaweka barua chini nikatembea barabarani kwanza.

Kisha nikafungua kazi yangu. Mzee, umeniua. Nilikaa miaka minne na ile ba!

Nikueleze, maana utaipiga tena, na safari hii nataka ujue unachokilinda. Wahesabu wana kitu wanakiita pete. Usitafute kidole. Ni mkusanyiko wa vitu unavyoweza kujumlisha na kuzidisha. Kwenye kujumlisha hakuna matata. Matata yako kwenye kuzidisha: a mara b inaweza kuwa kitu kimoja, na b mara a kitu kingine kabisa. Askari akiuliza kwanza halafu apige, na akipiga kwanza halafu aulize, vitendo ni vilevile viwili. Muulize aliyepigwa kama ni sawa.

Swali langu la miaka yote hii ni moja: ni sharti gani ukiipa pete, italazimika itulie, ab na ba ziwe sawa zitake zisitake? Sasa wewe umeandika ab kila mahali. Umenipa jibu kabla ya swali. Valère alicheka mpaka akakaa. (Valère ni Mzaire, anahariri jarida dogo la wahesabu hapa Nairobi, na ndiye aliyenipokea. Barua zangu za posta zinapita kwake.)

Chukua sharti rahisi kuliko yote: kila kitu kikizidishwa kwa chenyewe, kinabaki chenyewe. Zidisha (a + b) kwa yenyewe. Kwa sharti, unapata a + b. Kwa mkono, unapata a + ab + ba + b. Toa vinavyofanana pande zote: ab + ba ni sifuri. Weka a mahali pa b uone: a + a ni sifuri. Basi kitu chochote ukikijumlisha na chenyewe kinapotea. Kwa hiyo ab + ab nayo ni sifuri, na ba haina pa kujificha. Ni ab.

Wakubwa walishaonyesha kwamba hata kitu kikizungukazunguka sana, kikazidishwa mara nyingi, mradi mwisho kirudi kuwa chenyewe, yatosha. Mimi nasema si lazima vyote virudi. Virudi vile tu vinavyotokana na viwili kuzidishana. Pete itatulia hata hivyo. Nimethibitisha, Mzee. Hakuna mwingine.

Piga upya. Usipange kitu. Na mwambie Acen nikishapewa nafasi ya kazi hapa, nitamvusha.

Wako,
Oloya


Wandegeya, 9 Aprili 1977
(kwa Nasike)

Mwalimu,

Nimepiga upya, na nimeacha kila ba mahali pake kama nilivyoikuta. Nilifanya lile jambo la (a + b) nyuma ya stensili iliyoharibika, likatoka. Nilifurahi hadi nikatafuta mtu wa kumwambia, na dukani alikuwapo polisi anachapisha kadi za harusi. Nikamhesabia kadi zake.

Sharti lako nimelielewa kwa akili yangu: kinachoondoka kirudi. Basi ujue Kampala haiwezi kutulia kwa njia hiyo. Hapa vitu vinaondoka vizuri kabisa. Kwa hiyo nani atangulie na nani afuate ni jambo kubwa, na ndiyo maana naandika.

Unasema kazi kwanza, halafu mke. Hapana. Shemeji amekwenda kuomba kibali cha kusafiri. Afande akamtazama, akamwambia bila hata kukasirika: "Mama, wewe utakaa hapa. Bibi ya mtu aliyekimbia ni kamba. Tunashika hii mwisho, yeye atarudi kwa ile mwisho." Shemeji akauliza, na kama mume amekufa? Afande akasema, "Mjane? Mjane ni mtu huru. Tunampa hata pole."

Nimelitafakari hili tangu juzi na naona njia moja tu. Naomba ruhusa yako ufe.

Ufie ziwani. Pale Ggaba kuna mchuuzi wa samaki, Saverio, mtu wa kanisa, ambaye mtumbwi wa jirani yake ulizama kweli wiki iliyopita. Yuko tayari kukumbuka kwamba ulikuwa ndani, unarudi nyumbani kwa siri. Siku hizi hakuna anayeuliza mwili, maana akianza kuuliza mmoja ataulizwa na wengine. Tutakulilia nyumbani kwako kwa heshima zote, shemeji ataandikishwa mjane, apewe kibali, avuke mchana kweupe kwenda kwako huko.

Ila ukishakufa, ufe. Usisalimie mtu, usiandike, usionekane. Mpaka avuke.

Khisa


Nairobi, 18 Aprili 1977

Mzee Khisa,

Ruhusa unayo. Nilijaribu kutafuta njia nyingine, nikaishia kumwota afande na kamba yake.

Mwambie Acen kwenye matanga asiiweke ile picha yangu ya shati la mistari. Na mwimbe kwa Kiacholi, msiniletee zile nyimbo zenu za Kibukusu za Kimilili.

Kuna jambo moja. Valère anasema yuko mtu Ulaya anakaribia sharti langu. Nikichelewa, atalitoa yeye na mimi nitakuwa mtu aliyenakili. Nimemwambia Valère asubiri. Nimemwambia, sina hakika amesikia. Lakini hilo ni la huku, lisikusumbue.

Marehemu mtarajiwa,
Oloya


Kampala, 2 Mei 1977
(kwa posta)

Kwa Bwana Valère, Nairobi.

Bwana,

Kwa masikitiko makubwa nakujulisha kwamba rafiki yetu Mwalimu Oloya alifariki dunia tarehe 2 Aprili katika ajali ya mtumbwi karibu na Ggaba. Mwili haujapatikana. Alikuwa mtiifu kwa serikali na mpole kwa wanafunzi. Anaacha mjane, Acen, ambaye hana kosa lolote na hana wa kumtegemea.

Nimeandika kwa Kiswahili ili kila atakayeisoma njiani asipate taabu.

Mimi katika majonzi,
Khisa


Kampala, 8 Mei 1977
(kwa Nasike)

Bwana yangu marehemu,

Kiswahili yangu ya polisi lines, kambi yenye nilikulia, unaijua, usisahihishe.

Tumekulilia siku mbili. Watu mingi walikuja kuliko vile nilifikiri. Wanafunzi wako walileta sukari, mahali waliitoa Mungu anajua. Mkubwa wa idara yenu alisimama akasema wewe ulikuwa tumaini ya hesabu Afrika Mashariki, halafu akasahau jina yako, akaitwa kando akakumbushwa. Yule mtu wa miwani alikuja pia. Alikula. Alikula sana. Alipomaliza alinishika mkono, akasema, "Pole mama, ziwa haina adabu."

Saverio alisema vile ulizama mpaka mimi mwenyewe niliona. Alisema ulinyoosha mkono mara moja. Kwa nini aliweka huo mkono? Hakuna aliyemwomba.

Mzee Khisa alinifundisha nilie lini na ninyamaze lini, kama mwalimu wa kwaya. Siku ya kwanza nililia vile alisema. Siku ya pili nilianza na sikuweza kuacha. Alinivuta mkono akaninong'oneza, "Shemeji, inatosha, wameamini." Nikamwambia, Mzee, niache. Mimi silii ya uongo. Nyumba yenye umefia haijui kama ni mchezo. Nguo yako iko kwa msumari. Watu wanaita mimi mjane na ninaitika.

Kibali wameandika. Imebaki sahihi ya afande moja, ameenda Arua kwa harusi ya dada yake. Akirudi, ninakuja.

Sasa wewe kaa kimya kama watu wazuri waliokufa.

Acen


Nairobi, 20 Mei 1977

Acen wangu,

Nimesoma barua yako nikamwonea wivu mtu aliyezama. Yeye umemlilia siku mbili. Mimi nilipoondoka ulinifungia chapati ukasema nenda kabla mvua haijaanza.

Nimepanga chumba Pangani kwa mama mmoja, Maimunah, mkali kama mwalimu mkuu. Ana masharti ya maji, ya taa na ya wageni. Nimemwambia mke wangu anakuja. Akasema, "Wote husema." Njoo umwonyeshe.

Nina furaha moja siwezi kuisema bado. Utaikuta imeandikwa na utaona jina lako mahali ambapo hakuna atakayelifuta. Nilitaka kitu kimoja katika mwaka huu kiwe kimesimama wima.

Nakaa kimya. Nimekufa vizuri.

Oloya


Wandegeya, 2 Julai 1977
(kwa Nasike, haraka)

Mwalimu,

Jana alikuja dukani karani wa idara yenu, amebeba jarida la Valère mkononi kama mtu aliyebeba mtoto wa kwanza. "Mzee Khisa, tazama, Mwalimu wetu ametuachia kazi yake ya hesabu! Mkubwa anataka nakala za kila mtu, na moja ya ubao wa matangazo." Nikafungua. Kazi yako, na kila ba imekaa mahali pake. Nikasema moyoni, haya, ameitoa kabla ya kufa, si vibaya.

Halafu nikafika chini ya ukurasa wa mwisho, pale kwenye herufi ndogo: "Imepokelewa 30 Mei 1977, ikarekebishwa na mwandishi 8 Juni 1977. Mwandishi anamshukuru mke wake, Acen, ambaye atasoma haya wakiwa pamoja."

Mwalimu. Ulizama Aprili.

Uliniambia nyinyi wahesabu hamuandiki neno lisilo na kazi. Lile neno "mwandishi" lilikuwa na kazi gani? Ungeitoa kwanza halafu ukafa, pasingekuwa na tatizo. Umekufa kwanza, halafu ukarekebisha.

Nimefanya nilichoweza. Nilipopiga stensili, ile mistari nikaifunika na rangi ya kufutia, nakala zikatoka safi. Lakini jarida lenyewe karani alilingoja pale pale, akalichukua. Nilimwambia ukurasa wa mwisho una waa la wino, niachie nisafishe. Akasema, "Hapana Mzee, wewe ndiye mwenye wino."

Afande bado hajarudi kutoka kwenye harusi. Nimemwambia shemeji aache kibali, avuke na Nasike kwa njia za panya. Amekataa. Anasema mjane akitoroka, nani ataamini tena kwamba ni mjane? Amesema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Khisa


Nairobi, 11 Julai 1977

Mzee Khisa,

Barua yako imenikuta leo na nimeisoma nimesimama kwenye mlango wa gari la Nasike.

Sikufikiri. Hapana, nilifikiri, na hilo ni baya zaidi. Nilijua Valère hakusubiri, na nilipoletewa karatasi za kusahihisha nilizisahihisha, kwa sababu mstari wa tisa ulikuwa na kosa. Tarehe ni desturi. Kila mwandishi huwekewa, ili ijulikane nani alitangulia. Shukrani nayo ni desturi. Nilijiambia nani Kampala husoma kitu kama hiki? Watu wanne, na wote wananipenda.

Mtoe. Sitaki kibali tena. Mfunge kwenye gunia la samaki ikibidi. Niandikie neno moja tu: amevuka.

Oloya


Wandegeya, 13 Julai 1977
(kwa Nasike)

Mwalimu,

Sijapata barua yako yoyote tangu niliyokutumia, naandika bila kujua unajua nini.

Mkubwa wako wa idara, mtu mwema asiye na akili ya mjini, alilipeleka jarida ofisi ya serikali kuomba kibali ufanyiwe ibada ya kumbukumbu. Mmoja wa ofisini hapo alikuwa hajui hesabu hata kidogo, kwa hiyo alisoma yale tu aliyoweza kuyasoma. Yalikuwa mistari miwili ya mwisho.

Walikuja saa ya chakula cha mchana. Yule yule aliyekula matangani. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, ziwa limemrudisha bwana yako, twende umpokee." Shemeji aliomba kuvaa viatu. Wakamwambia hakuna haja. Alinitazama mimi nikiwa upande wa pili wa barabara, halafu akatazama pembeni haraka, ili wasijue ananifahamu. Hata wakati ule.

Walimwachia jirani ujumbe: mume akija, mke atakwenda nyumbani.

Nakuomba usiuamini. Hawa si wafanyabiashara. Wakipata viwili hawarudishi kimoja.

Nakwenda kwenye lango la gereza na chakula. Wanakipokea. Sijui anakula nani.

Khisa


Nairobi, 20 Julai 1977

Mzee Khisa,

Nakuja.

Usinijibu kwa akili. Nimeshajijibu mwenyewe kila kitu unachotaka kusema. Najua hawatamwachia. Lakini nikikaa hapa najua vilevile, na hapa nina kitanda.

Walimshika kwa sababu ya tarehe yangu. Basi wanipe mimi hiyo tarehe. Namaliza kumkabidhi Valère darasa lake la jioni, halafu napanda basi. Mwanzoni mwa mwezi nitakuwa Wandegeya.

Oloya


Wandegeya, 25 Julai 1977
(kwa Nasike, akabidhi mkononi)

Mwalimu Oloya,

Keti kwanza.

Acen amefariki. Ilikuwa Ijumaa. Sikuambiwa, niliona kwa macho yangu. Saverio alinisaidia kumtoa walikomweka, kwa kujuana na mlinzi mmoja, na tumemzika kwenye shamba la watu wa kanisa lake huko nyuma ya Ggaba, mahali penye ukuta wa mawe na mti wa msizi. Alikuwa hana alama usoni. Nilimfunika na ile shuka yake ya bluu. Nilimwombea kwa Kibukusu, maana Kiacholi sikijui, unisamehe.

Basi hakuna wa kubadilishana tena. Kamba waliyoshika imekatika. Ukija, utakuja kwa bure, na aliyekufa atakuwa amekufa mara mbili.

Kaa. Fundisha. Hilo tu ndilo ninaloweza kukuomba.

Khisa


Wandegeya, 25 Julai 1977

Nasike dada yangu,

Hii ni yako, isome uichome jikoni. Ile nyingine mpe Oloya mkononi, na umtazame usoni akiisoma, lakini wewe usiseme kitu.

Acen yuko hai. Nimemwona juzi kupitia kwenye waya, anafua nguo za askari, amekonda lakini anasimama. Yule mlinzi anasema huenda wakawaachia wanawake wasio na kesi, wamechoka kuwalisha. Oloya akitokea, Acen atakuwa na kesi, na atakufa pamoja na mumewe. Huyu mtu lazima abaki huko. Nimetafuta kitu cha kumfunga miguu, sikupata kingine.

Nikiuona mlango umefunguka, nitamweka Acen kwenye gari lako siku hiyo hiyo. Oloya akimwona mkewe amesimama mbele yake, atanitukana, na mimi nitafurahi kutukanwa.

Khisa


Pangani, Nairobi, 15 Agosti 1977

Mzee Khisa,

Tulifika. Nasike aliniacha hapa mlangoni na hakutaka kuingia. Sasa ndiyo najua kwa nini alikuwa analia njia yote na mimi ninamwuliza dada unalilia nini, mimi niko huru.

Maimunah alifungua. Nikasema mimi ni Acen. Akarudi nyuma. Akauliza, "Acen gani?" Nikasema mke wa Oloya. Alikaa chini kwa sakafu, huyu mama unayesikia ni mkali.

Barua yako iko hapa kwa meza. Nimesoma vile mlinizika. Shuka ya bluu sina, Mzee. Sijawahi kuwa na shuka ya bluu.

Maimunah anasema Oloya alikaa siku nane bila kutoka. Halafu siku moja alinyoa, akavaa shati ya mistari, akamwambia anaenda Kampala. Alimwambia hivi: "Nikiwa na mke hai, rafiki yangu angeweza kunizuia. Mke aliyekufa siwezi kumwacha azikwe na mtu asiyejua nyimbo." Alienda tarehe nane. Mimi nilivuka Busia tarehe tisa asubuhi. Tulipitana mahali.

Mzee, sikukasirikii. Nilijaribu, haikuja. Wewe ulifikiri kifo inafunga mtu. Kwenu labda. Kwetu mtu anafuata kaburi.

Kama alikuja kwako, mwambie niko hapa. Nimefua shati zake zote. Maimunah ameniruhusu taa.

Acen


Busia, 29 Agosti 1977
(kwa Nasike)

Shemeji Acen,

Naandika kutoka upande wa Kenya. Wandegeya sirudi tena, na mashine ya duka sasa ina mwenyewe mwingine mwenye miwani. Umeniuliza, na nina wajibu wa kukujibu bila kupanga herufi.

Alifika tarehe kumi. Mimi sikuwapo, nilikuwa Ggaba kumlipa yule mlinzi samaki niliomwahidi kwa ajili yako. Alikwenda nyumbani kwenu moja kwa moja. Jirani yenu, yule mama wa Kigisu, akamwona akapiga ukelele, maana alimlilia Aprili. Akamwuliza, "Wewe si ulizama?" Yeye akauliza kaburi la mke wake liko wapi. Yule mama akasema, "Kaburi gani? Acen ametoka juzi, amekwenda Kenya, ameacha hata sufuria zake kwangu."

Anasema Oloya alimfanya arudie. Akarudia. Akamfanya arudie tena. Halafu akaanza kucheka. Alikaa kwenye ngazi akacheka na machozi yanamtoka, akasema, "Mzee Khisa, mwongo mkubwa wewe, Mungu akubariki." Akaomba maji, akanywa, akauliza basi la Busia linaondoka saa ngapi.

Walimkuta kwenye uwanja wa basi. Nimeongea na watu watatu waliokuwapo, na wanatofautiana katika mengi: gari lilikuwa la rangi gani, walikuwa wangapi, alipinga au hakupinga. Jambo moja wanakubaliana wote. Alikuwa bado anacheka walipofungua buti la gari wamwingize, na yule wa miwani aliuliza wenzake huyu ana nini.

Nimekwenda kila lango ninalolijua. Jina lake halipo popote, na unajua na mimi najua maana yake. Sikwambii usubiri, na sikwambii ulie. Mimi nimeshawahi kukuambia ulie lini, na sitarudia.

Nimefikiri sana juu ya ule uongo wangu. Ukweli ungemleta kukukomboa, uongo ulimleta kukuzika, na barabara ni ile ile. Nilidhani nina mambo mawili tofauti mkononi.

Wataandika. Wana mashine yangu, na wana mwandiko wangu kwenye karatasi nyingi za duka. Utapata barua siku moja kwamba yuko hai anakuita, au kwamba amekufa na kaburi linajulikana. Inaweza kuwa na jina langu chini. Inaweza hata kuwa kweli ni mimi nimeandika, nimeshikwa na tumaini kama nilivyoshikwa Julai. Usije, shemeji. Hata nikikuandikia kwamba nimemgusa kwa mkono wangu, usije.

Khisa